UZI: Muhula mmoja Ulaya kama mwanafunzi wa biashara wa kubadilishana, fomu moja ilivyonigharimu kozi nzima na mengine niliyoyaona

#1 Mleta mada

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya muda mrefu ila leo nimeona niandike maana kabla sijasafiri nilihangaika sana kupata maelezo ya hii kitu kwa Kiswahili, nyuzi nyingi zinaongelea kwenda kusoma digrii nzima au kutafuta kazi, hii ya kwenda muhula mmoja tu halafu unarudi kumalizia chuo chako sikuipata, na aisee ni kitu tofauti kabisa. Wa digrii nzima ana muda wa kukosea, wewe wa muhula mmoja una miezi minne, ukikosea wiki ya pili unakuja kujua umeshapanda ndege ya kurudi.

Nilikuwa Mannheim, Ujerumani, Septemba mpaka Desemba 2025. Nasoma biashara mwaka wa tatu, uhasibu na fedha. Jina la chuo naliacha, cha nyumbani na cha kule pia.

Naanza na lililoniuma. Kuna fomu inaitwa Learning Agreement, ndio mkataba wa masomo. Humo unaandika kozi utakazosoma kule na kila moja itachukua nafasi ya kozi ipi ya nyumbani, halafu mnasaini pande tatu, wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Watu wengi tunaijaza kama fomu ya kawaida ya kuombea nafasi, tunachagua kozi zenye majina yanayofanana tunapeleka isainiwe tunaanza kuwaza visa. Mimi nilijaza kozi tano, krediti 30 za ECTS, ndio mfumo wa Ulaya wa kuhesabu uzito wa kozi, maana muhula ni 30 na mwaka ni 60. Nimefika kule wiki ya kwanza naambiwa kozi moja imejaa na nyingine imegongana na ratiba. Hiyo ni kawaida sana, karibu kila mwanafunzi wa kubadilishana niliyemjua alibadilisha angalau moja. Nikachukua nyingine mbili, mojawapo ya ugavi, fomu ina sehemu yake ya mabadiliko nikaijaza, nikasaini, chuo cha kule wakasaini siku hiyo hiyo, nikatuma nyumbani kwa barua pepe. Kimya. Nikatuma tena baada ya wiki mbili, kimya. Nikasema ah nitamalizana nao nikirudi, watu si tunajuana.

Nimerudi na transkripti ina 1.7 kwenye hiyo kozi ya ugavi. Kule 1.0 ndio ya juu kabisa, 4.0 ndio mwisho wa kufaulu na 5.0 umefeli, kwahiyo 1.7 ni alama nzuri mno. Kwanza aliyepokea karatasi alidhani nimefeli kwasababu kwake namba ndogo ni mbaya, hilo tukaelewana. La pili hatukuelewana. Kozi haimo kwenye mkataba waliousaini wao, basi haihesabiwi, muhula huu ninaoandika nakaa darasani narudia kozi ya ugavi na wadogo zangu wa mwaka wa nyuma. Simlaumu mtu, utaratibu ulikuwepo umeandikwa. Ila nilikuwa na miezi minne ya kupiga simu, sikupiga.

Kwahiyo kama unaenda, kabla hujaondoka nenda kwa mkuu wa idara mwenyewe na silabasi mkononi, usipeleke orodha ya majina tu. Majina yanadanganya, kozi inaitwa "fedha za kampuni" kule ikawa nusu yake ni hesabu za thamani ya dhamana ambazo huku mnasoma mwaka mwingine. Na omba idhini ya kozi saba au nane hata kama utasoma tano, hizo za ziada ndio akiba yako zikijaa zile za mwanzo. Hili la akiba nilifundishwa na dada mmoja kutoka Colombia tulikuwa naye bwenini, yeye alibadilisha kozi tatu na hakupata shida yoyote maana zote zilikuwa zimeshakubaliwa kwao kabla hajaondoka.

La pili kwa uzito ni usajili wa mtihani. Hapa wengi wanaumia. Kujiandikisha kozi ni kitu kimoja, kujiandikisha mtihani ni kitu kingine, ni kwenye mfumo mwingine na una siku zake chache katikati ya muhula, zikipita zimepita. Kuna jamaa alihudhuria kila kipindi, akafanya kazi za kikundi, siku ya mtihani amefika mlangoni jina halipo. Hakuna cha kumbembeleza msimamizi. Na mtihani wenyewe kwenye kozi nyingi ndio alama zote, hakuna zile za majaribio zitakazokubeba, dakika 90 zimebeba muhula mzima.

Halafu msidanganyike na ratiba. Utaona vipindi vichache ukadhani umepumzika. Kule krediti moja wanaihesabu ni saa 30 za kazi, kwahiyo krediti 30 ni saa 900 ndani ya muhula, na darasani unakaa sehemu ndogo tu, zilizobaki ni wewe na maktaba. Wenzangu tuliofika pamoja Septemba yote na Oktoba ilikuwa matembezi, Novemba ndio watu wakashtuka.

Naweka hii kwanza, pesa na makazi na mengine nitaendelea chini, ulizeni.

#2

Mkuu asante kwa uzi, nimeusave. Mimi nimechaguliwa kwenda muhula ujao ila nakwama kwenye pesa. Inatosha kweli ile wanayotoa? Na visa ilikuchukua muda gani?

#3

Pole kwa hiyo kozi kaka. Hilo la kusaini pande tatu mimi ndio nalisikia leo na fomu yangu iko mezani hapa, imesainiwa na mimi tu, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Nafuatilia.

#4 Mleta mada

#2 mkuu pesa ni hivi. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza vyuo viwili vina makubaliano yao wenyewe, hapo hulipi ada kule lakini kuishi ni juu yako. Ya pili ni Erasmus+, ile programu ya Umoja wa Ulaya, ilianza 1987 ikiwa ya wao kwa wao, ila toka 2015 ikafungua na mlango wa vyuo vya nje ya Ulaya, ndio mlango tunaopitia sisi. Hiyo inakupa posho ya kati ya Euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi unayoenda, na nauli kwa kiwango cha umbali. Na ada ya masomo hulipi. Baden-Württemberg, lile jimbo ilipo Mannheim, wanatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, ila aliyekuja kwa kubadilishana amesamehewa, sisi tulilipa mchango wa muhula tu.

Shida inakuja ubalozini. Ujerumani wanataka uonyeshe Euro 992 kwa kila mwezi utakaokaa. Posho yako ikiwa chini ya hapo lazima tofauti uionyeshe, wengi wanaiweka kwenye akaunti iliyofungwa, unaweka hela yote kabla hujasafiri halafu unatolewa kidogo kidogo kila mwezi. Sio hela inayopotea, ni yako na utaila mwenyewe, lakini lazima uwe nayo mkononi kabla, hapo ndipo watu wanaachia nafasi. Na posho ya kwanza usitegemee utaikuta siku unayoshuka uwanja wa ndege, mimi iliingia mwishoni mwa wiki ya tano, beba ya mwezi na nusu yako mwenyewe.

Visa mimi ilichukua wiki tisa. Omba miadi siku ile ile unayopata barua ya kupokelewa, hata kama karatasi nyingine hazijakamilika, miadi yenyewe ndio foleni ndefu.

Matumizi yangu kwa mwezi, kwa Euro: chumba bwenini 340, bima ya afya zaidi ya 130 na hii ni lazima, bila bima hawakusajili chuo, chakula 180 hivi kwa kupika mwenyewe na mchana mara nyingine nakula kantini ya wanafunzi, usafiri 58. Hiyo 58 ilikuwa tiketi ya nchi nzima, mabasi na tramu na treni za kawaida kila mji, za mwendo kasi hapana, na kuanzia Januari 2026 imepanda kuwa 63. Ulizia chuoni tiketi ya wanafunzi ni nafuu zaidi. Na ni mkataba unaojirudia kila mwezi, usipouvunja kabla ya tarehe 10 unakatwa na mwezi unaofuata, mimi nilikatwa Januari nimeshafika nyumbani.

Kazi ndogo ndogo za kujikimu: sheria inaruhusu mwanafunzi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini kwa muhula mmoja bila Kijerumani usiweke kwenye bajeti, mpaka upate kazi na karatasi za kodi muda umeisha.

#5

Niongezee ya Uholanzi maana nilikuwa huko, Groningen, 2023. Kule visa hushughuliki nayo sana mwenyewe, chuo kinachokupokea ndicho kinachoomba kibali chako uhamiaji, kwahiyo karatasi ni chache. Lakini chumba! Jamani chumba. Ukipata barua ya kukubaliwa tafuta chumba kabla hujafurahi. Nilikuwa na wenzangu waliolala hosteli za wasafiri mpaka Oktoba wanasoma kwenye kitanda cha juu, na kuna mmoja alituma Euro 800 kwa mtu aliyemwonyesha picha nzuri mtandaoni, kafika mtaa upo, nyumba ipo, wenye nyumba hawamjui. Usilipe kitu hujakiona au hakijapitia chuo.

Muhula wao umekatwa vipande viwili, unasoma kozi tatu wiki kama nane, unafanya mtihani, unaanza nyingine tatu. Kwahiyo hakuna ile miezi miwili ya kutembea, ndani ya wiki ya tatu uko kwenye presha. Alama ni 1 mpaka 10, kufaulu 5.5, na 8 ni mtu anajua kweli, 10 karibu hakuna anayepewa. Hapa ndio nakazia alichosema mleta mada, uwe na jedwali la kubadilisha alama kabla hujaenda, maana mimi 7.5 yangu nyumbani walitaka kuigeuza 75 kama asilimia na kule 7.5 ilikuwa juu ya wengi darasani.

#6

Mimi Ufaransa, Lyon, 2022. Alama juu ya 20, ukipata 10 umepita, ukipata 14 watu wanakupongeza. Nashangaa hakuna mtu anaongelea kazi za kikundi maana kwangu ndio ilikuwa muhula wenyewe. Wiki ya kwanza tu mnagawanywa, mimi nilipangwa na Mfaransa, Mwitaliano, Mkorea na Mjerumani, tunatakiwa tutoe mkakati wa kampuni kuingia soko jipya. Mjerumani anataka ajenda kabla ya kikao, Mwitaliano anataka tuongee kwanza tujue tunachotaka, Mkorea haongei mpaka aulizwe na akiulizwa ndio mwenye hoja nzito kuliko wote, nikagundua na mimi nimekaa vile vile nasubiri niulizwe. Kikao cha tatu nikaamua kuandika mawazo yangu usiku na kuyatuma kabla, kikao kikaanzia kwenye karatasi yangu. Kilichonibadilisha kipo hapo, sikukisoma kwenye slaidi yoyote.

Kwa vitendo: ukifika thibitisha visa mtandaoni ndani ya miezi mitatu, usisahau. Kantini za wanafunzi mlo kamili ulikuwa Euro 3.30. Na kuna msaada wa serikali wa kodi ya pango, nilipokuwepo hata mwanafunzi wa muhula mmoja aliweza kuomba, ulinirudishia kiasi kizuri kila mwezi, kwahiyo ulizia mapema masharti ya mwaka wako.

#7

Samahani naomba niulize tofauti kidogo, na sio kwa ubaya. Mbona kama hii kitu ni utalii tu? Unaenda miezi minne, unarudia kozi, unatumia hela, unarudi na picha. Huyo aliyebaki nyumbani akafanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni miezi hiyo hiyo si yuko mbele yako? Nauliza kwa dhati maana nina mdogo wangu ananiomba nimchangie.

#8 Mleta mada

#7 swali zuri sana na nilitaka kulifikia. Kama mdogo wako anaenda kukaa na wanafunzi wa kubadilishana wenzake tu, kila wikiendi basi la kwenda mji mwingine, ndio, ni utalii, na wapo wengi wa hivyo. Lakini ngoja nikueleze kitu nilichopata ambacho kwa nyumbani nisingekipata, uamue mwenyewe.

Mimi ni mtu wa uhasibu. Nimesoma viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, miaka miwili nikiamini hivyo ndivyo dunia nzima inavyoandika vitabu. Nimefika kule nakuta kampuni zilizo kwenye soko la hisa ndizo zinazolazimika kutumia IFRS kwa hesabu za kundi zima la kampuni zake, tangu 2005, lakini hesabu za kampuni moja moja zinaandikwa kwa sheria yao ya biashara, wanaiita HGB. Mwalimu akatupa mfano wa kiwanja. Kampuni ilinunua kiwanja zamani kwa hela kidogo, leo thamani imepanda mara nyingi. Kwa IFRS unaruhusiwa kukithaminisha upya. Kwa HGB hapana, kinabaki kwa bei ya kununulia mpaka siku utakapokiuza, faida ambayo hujaipata mkononi huruhusiwi kuihesabu. Hasara unayoiona inakuja lakini unaiandika mapema. Nikauliza sasa mwekezaji atajuaje thamani ya kweli? Akanijibu kwa swali: hivi vitabu vinaandikwa kwa ajili ya nani? Huku Ujerumani kwa miaka mingi kampuni zilikuwa zinakopa benki, na benki inataka kujua kama mambo yakiharibika italipwa, haitaki kusikia matumaini. Niliondoka pale nikiwa siamini kwamba nilikaa miaka miwili bila kujiuliza hilo swali. Kwahiyo sasa kila kanuni nikiisoma natafuta ilitungwa kumlinda nani.

Kingine ni bodi. Kampuni kubwa kule ina bodi mbili, moja inaendesha kila siku na nyingine inasimamia, na mtu mmoja hawezi kukaa zote mbili. Halafu kwa sheria ya 1976 kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 nusu ya viti vya bodi ya usimamizi ni vya wafanyakazi. Nusu wakuu. Nilidhani nimesikia vibaya. Mwenyekiti anatoka upande wa wenye hisa na kura zikifungana ana kura ya pili, kwahiyo wenye mtaji bado wana neno la mwisho, ila huwezi kufunga kiwanda bila kuwaangalia usoni watu wanaofanya kazi humo. Tulikuwa na mjadala darasani, Mmarekani anasema hii inachelewesha maamuzi, Mjerumani anasema ndio inachelewesha na ndio maana watu wakishakubaliana hakuna mgomo. Kusoma hilo kwenye kitabu ni aya moja. Kuwasikia watu wawili wakilibishania saa nzima kila mmoja na nchi yake nyuma, unaelewa kwanini kila mmoja anaamini anachoamini.

Na mji wenyewe unafundisha. Mannheim katikati mitaa haina majina, kila kipande cha nyumba kina herufi na namba, unaambiwa tukutane Q6 au P7. Ng'ambo ya mto Rhine kuna Ludwigshafen, ukivuka daraja unaona mitambo ya BASF haina mwisho, ile kampuni ya kemikali ilianzishwa Mannheim 1865 ila kiwanja upande wa mji kikakwama, wakajenga ng'ambo, na kodi na ajira zikaenda ng'ambo mpaka leo. Kwa treni ya karibu tu unafika Walldorf makao ya SAP, kampuni ya programu za kompyuta iliyoanzishwa 1972 na watu watano waliotoka IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani. Na hapo hapo Mannheim ndipo Karl Benz alipokuwa alipochukua hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, ya gari lake 1886. Gari halikununulika, watu waliliogopa. Agosti 1888 mkewe Bertha akalichukua bila kumwambia mume, akapakia watoto wao wawili wa kiume akaenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100, mafuta akanunua duka la dawa pale Wiesloch maana hakukuwa na kituo cha mafuta duniani. Mwalimu wa masoko alianza muhula na hadithi hiyo halafu akatuuliza, aliuza nini yule mama? Mtu akasema gari. Akasema hapana, gari lilikuwepo toka miaka miwili nyuma. Alichouza ni uhakika kwamba utafika.

Kwahiyo ndugu yangu, yule aliyefanya mazoezi ya kazi yuko mbele yangu kwa kujua kazi, hilo nakubali kabisa. Mimi nimerudi na maswali ambayo sikuwa nayo. Mwulize mdogo wako kozi zipi anaenda kusoma na kwanini hizo. Akikujibu kwa dakika tano bila kutaja hata mnara mmoja, mchangie.

#9

Dada hapa. Naomba mniambie ukweli kuhusu upweke na baridi, na kama mtu mweusi unakuwaje kule. Watu wanaandika mambo ya karatasi tu ila mimi usiku ndio unaniogopesha.

#10 Mleta mada

Dada yangu nitakuambia kama ilivyokuwa kwangu.

Baridi sio tatizo, koti linatatua, na nunua kule kule kwenye maduka ya mitumba, la kwao limetengenezwa kwa baridi yao. Tatizo ni giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, kesho yake jioni unatoka kipindini unakuta usiku. Desemba jua linatoka saa mbili na robo asubuhi, saa kumi na nusu jioni limezama, na siku nyingine hulioni kabisa. Novemba nilikaa wiki mbili sitaki kuamka, nadhani naumwa. Aliyenisaidia ni jirani yangu wa bwenini, alinigongea mlango akaniambia kila siku saa sita mchana tunatoka nje nusu saa hata kama kuna mvua, hata kama una mtihani. Tulifanya hivyo mpaka siku naondoka. Fanya hivyo toka Oktoba usisubiri.

Jumapili maduka yote yanafungwa, mji unanyamaza, na ndio siku upweke unakuja. Panga Jumapili zako. Mimi nilianza kupika Jumapili jikoni kwa pamoja, tulikuwa vyumba nane jiko moja, kila wiki mtu mmoja anapikia wote, kufikia Desemba tulikuwa watu kumi na tano. Wajerumani hawatakukaribisha haraka, usichukulie ni chuki, wiki tatu za kwanza nilidhani hawanipendi. Akishakuzoea anakuja kukusaidia kubeba friji. Mwisho wa kipindi wanagonga meza kwa vidole, siku ya kwanza nilishtuka, ndio makofi yao.

Kuhusu rangi, sitakudanganya. Kuna kuangaliwa kwenye tramu, kuna siku mkaguzi wa tiketi alianza na mimi nikiwa katikati ya behewa. Kuna mwenye nyumba kwenye simu chumba kipo, ana kwa ana kimeshachukuliwa. Hayo yalinitokea mara chache lakini kila moja naikumbuka. Chuoni sikukutana nalo. Tafuta umoja wa wanafunzi Waafrika wiki ya kwanza, sio wiki ya kwanza ya shida, wiki ya kwanza ya kufika. Nao ndio watakaokuambia kinyozi na msusi yuko wapi, hilo usilidharau.

Na jiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili za kuhamia, unahitaji barua ya mwenye nyumba kuthibitisha unaishi pale, bila hiyo kila mlango unafungwa. Ile barua idai siku unayopokea ufunguo.

#11

Mimi nauliza kutembea nchi nyingine kwa visa hiyo ya Ujerumani, inaruhusiwa?

#12 Mleta mada

Ndio, visa ya taifa, yaani ile ya kukaa muda mrefu, inakuruhusu nchi nyingine za Schengen, zile zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku 90 ndani ya 180, ni nchi 29 sasa. Uswisi imo ingawa haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, zinataka visa zao. Beba pasipoti hata kama mpakani hakuna mtu, treni ya kwenda Paris polisi walipita wakakagua. Mimi nilienda Strasbourg na Paris tu na sijutii, hela niliyobakiza ndio niliyolipia ile ada ya kurudia kozi.

#13 (yule wa #3)

Kaka mleta mada naomba nikurudie. Leo nimeenda kwa mkuu wa idara kama ulivyosema, sikutuma barua pepe, nimekaa nje ya ofisi yake toka asubuhi. Nilikuwa na kozi tano, nikampelekea silabasi za nane. Mbili amezikataa palepale, kumbe jina linafanana lakini yaliyomo ni ya mwaka wa kwanza, ningeenda kuzisoma bure. Sita amesaini. Nimemuuliza nikibadilisha nikiwa kule nifanyeje, akanipa namba ya karani wake akasema usimwandikie, mpigie.

#14 Mleta mada

Sita zinakutosha mdogo wangu. Hiyo namba iandike kwenye karatasi pia, sio kwenye simu tu. Na Ijumaa ukishatuma, subiri nakala yenye saini tatu irudi kwako kabla hujakata tiketi.